Mama Fukusi na Ufadhili wa Kwenda na Kurudi

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaendelea, naomba mtege sikio. Wewe unayeosha vyombo, funga bomba kidogo. Wewe dereva uliyesimama kando ya barabara, zima injini. Sikilizeni.

Mmesikia? Ambaye hakusikia asiilaumu redio yake. Ni sauti ndogo mno, kama ya mtu anayekwaruza karatasi chumba cha pili. Ni sauti ya mahindi yanayotafunwa kutoka ndani. Tuliirekodi jana, katika chumba cha kushonea cha nyumba moja yenye msiba. Mtaalamu wetu wa sauti alikishikilia kipaza sauti kwenye chupa ya kioo mpaka mkono ukafa ganzi. Ndani ya chupa kuna mahindi. Ndani ya mahindi kuna fukusi. Na mwenye fukusi hao ametutoka wiki iliyopita.

Leo tunamkumbuka Mama Fukusi.

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa refu, na lilitanguliwa na "Profesa". Kwetu hapa halikutumika. Wanafunzi walimwita Mama Fukusi, mkuu wa chuo alimwita Mama Fukusi, na hata kwenye mlango wa ofisi yake kuna mtu alibandika karatasi yenye jina hilo, naye akaiacha mpaka ikageuka rangi. Mumewe ameniomba nimwite hivyo hivyo hewani. "Ukitaja lile lingine," ameniambia, "watu watadhani amekufa mtu mwingine."

Mumewe ni fundi cherehani. Yeye mwenyewe mtaani anaitwa Fundi, na mkewe pia alimwita Fundi, kwa hiyo nasi tutamwita hivyo. Fundi alikuwa na mchango mkubwa katika habari hii, na dada yake mkubwa, ambaye ni wifi wa marehemu, alikuwa na mchango mkubwa zaidi, ingawa kwa muda mrefu asingependa utajwe. Sasa ameruhusu. Amesema, "Semeni tu. Yeye mwenyewe alikuwa anawasimulia watu huku nimekaa hapo hapo."

Basi tuanze mwanzo.

Mama Fukusi alizaliwa katika nyumba ya wakulima. Mama yake alikuwa na ghala dogo la mahindi, na kila mwaka fukusi walikula fungu lao bila kualikwa. Bibi yule hakuwahi kutia dawa ya wadudu. Aliichukia harufu yake, akasema chakula kisichoweza kuliwa na mdudu yeye pia hakitaki. Badala yake alipepeta. Na kabla ya kufungua gunia lolote, aliliwekea sikio. Alimfundisha binti yake hivyo: wakiongea, pepeta leo, wakinyamaza, waweza kungoja.

Binti akakua na tabia ile ile. Akasoma, akafika chuo kikuu, akawa mhadhiri wa wadudu wa nafaka. Watu wengine hutoka kwao wakasahau hata njia ya kisimani. Yeye alitoka kwao na chupa. Alikwenda ghalani kwa mama yake, akachota mahindi yenye fukusi, akawatia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akafunika kwa kitambaa chepesi, akaenda nao maabara. Akawalisha. Wakazaana. Akawagawa chupa mbili, tatu, mpaka wakajaza rafu nzima. Mama yake alipofariki na ghala likabomolewa, fukusi wale walibaki.

Najua kuna msikilizaji anayejiuliza: fukusi wa kufugwa wana faida gani, na sisi wenyewe tunawakimbiza? Nami nilimuuliza hivyo siku moja alipokuja hapa studio. Alinijibu bila kunicheka, na nitayarudia maneno yake kwa sababu ndiyo roho ya habari hii.

Alisema hivi. Mkulima ametia dawa kwenye mahindi, na fukusi hawakufa. Kosa ni la nani? Huenda dawa ni feki, vumbi tupu. Au huenda dawa ni nzuri, ila fukusi wa kijiji kile wameizoea. Utajuaje? Unahitaji fukusi ambaye hajawahi kuonja dawa, yeye wala wazazi wake wala mababu zake. Mtie huyo kwenye dawa. Akifa, dawa ni nzima. Akipona na kutembea, basi mmeuziwa unga wa chaki.

Fukusi wasiowahi kuonja dawa. Hao ndio aliokuwa nao. Kwa hao aliwahi kuinyooshea kidole dawa moja iliyokuwa ikiuzwa kwa wakulima, na ikaondolewa sokoni. Wakija kuguswa na dawa mara moja tu, au wakichanganyika na wengine, kazi imekwisha. Nyumbani kwake hapakupulizwa dawa hata ya mbu. Walilala ndani ya chandarua na mbu wakaimba nje.

Sasa tuje kwa Fundi. Walikutanaje? Mama Fukusi alimpelekea koti la maabara alishonee mifuko. Alitaka mifuko minne. Fundi akauliza ya nini yote hiyo. "Akaniambia mmoja ni wa kalamu, na iliyobaki ni ya wadudu," ameniambia Fundi. "Nikajua huyu mwanamke hatanichosha."

Hakumchosha. Mungu hakuwajalia mtoto wa kuzaa, lakini wanafunzi walikuwa hawaishi mlangoni, na sukari ya nyumba ile ilikuwa haikai. Kila asubuhi Mama Fukusi alizisalimia chupa kwanza. Anaweka sikio, ananyamaza, anatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo anakunywa chai. Fundi alikuwa na utani wake: "Katika nyumba hii mimi ni wa pili. Mbele yangu kuna wenye miguu sita."

Ulikuwa utani. Lakini, wasikilizaji wapendwa, utani mwingine una mfupa ndani yake.

Ikafika mwaka wa ule ufadhili. Mnaufahamu ufadhili wa namna hii: mwanazuoni wa nchi moja anapelekwa nchi nyingine kwa mwaka mmoja wa masomo, anafundisha chuo cha huko, anafanya utafiti, kisha anarudi kwao. Waombaji walikuwa wengi na nafasi ilikuwa moja. Jopo likamwita kumhoji. Wakamuuliza atafaidika nini huko aendako. Akawajibu wamuulize kwanza wenzake wa huko watafaidika nini kwake, maana yeye haendi kuomba maji, anakwenda na ndoo yake imejaa. Aliyesimulia haya alikuwa mmoja wa jopo, na anasema walitazamana, wakatabasamu, na hawakuwa na swali jingine.

Akapata. Mtaa mzima ukapata. Fundi alishona koti zito la baridi kwa kukisia, kwa kuwa hakuwahi kuiona baridi yenyewe, na mkewe akalivaa hilo hilo mwaka mzima.

Ufadhili uliruhusu aende na mwenzi wake. Tatizo likawa chupa. Maabara ya chuo ilikuwa inaezuliwa paa na kupakwa rangi upya, na harufu ya rangi ingewamaliza fukusi wote. Wakahamishiwa nyumbani, kwenye chumba cha kushonea, ambacho kilikuwa na joto zuri la pasi. Na mtu wa kubaki nao alikuwa ni mmoja tu. Fundi akabaki. Alisema pia kwamba sare za shule hazijishoni, lakini sababu ilikuwa chupa.

Mama Fukusi akaondoka na kopo moja dogo lenye fukusi wachache na vibali vyote, kwa ajili ya utafiti wa huko. Kopo moja tu. Rafu nzima ilibaki kwa Fundi.

Sasa fikirini mnyonge huyu. Mteja analeta kitambaa cha suti, anainua macho, anaona chupa zimejaa mahindi yanayotembea. Fundi akatundika pazia mbele ya rafu. Na kila aliyeuliza kuna nini nyuma ya pazia, alimjibu, "Mbegu za mke wangu." Aliwajibu hivyo wateja. Aliwajibu hivyo majirani. Alimjibu hivyo hata dada yake. Shikeni hilo.

Huko ng'ambo Mama Fukusi alikuwa anafundisha. Alikuta maghala ya chuma marefu kuliko majengo, na wanafunzi wenye vifaa vya kila aina ambao hawakuwahi kupepeta hata kikombe cha nafaka. Walimwita kwa jina lake, hivi hivi, bila "mwalimu" wala "mama", akampigia Fundi akisema watoto wa huko wanamwita kana kwamba wamekua naye uwanja mmoja. Siku ya kwanza ya masomo aliwaweka mstari, kila mmoja akaweka sikio kwenye kopo. Walidhani anawatania. Kufika katikati ya mwaka walikuwa wanakwenda wenyewe kwenye maghala na kuweka masikio ukutani, na wenye maghala wakawa wanawaita.

Alipiga simu kila Jumapili. Na kila Jumapili mazungumzo yalianza hivi. Fundi amenirudishia neno kwa neno.

"Fundi. Wazima?"

"Wazima."

"Umechekecha?"

"Nimechekecha."

"Na wewe?"

"Mimi kama mahindi yao. Naliwa taratibu."

Mkewe anacheka, kisha wanaongea mengine. Ila oneni mpangilio wake. Kwanza fukusi. Halafu Fundi.

Jumapili moja alileta habari nzito. Mwenyeji wake wa chuo kile alitaka abaki. Ufadhili wa mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni, naye akapewa nafasi ya miaka mitatu zaidi, na maabara yake mwenyewe. Alisema anafikiria. Alisema, "Ila fukusi je? Siwezi kuwaacha hao miaka yote." Fundi alisikia vizuri sana. Hakusikia akisema "ila wewe je". Alikata simu, akakaa mbele ya cherehani, hakushona kitu.

Ni wiki hiyo hiyo dada yake alipokuja.

Wifi wa Mama Fukusi ni mtu wa usafi. Ndugu wanasema akikaa kwako siku moja, sufuria zako zitakusahau. Fundi alikwenda kuwapima wanafunzi wa shule fulani, akamwacha dada yake nyumbani. Dada akafagia. Akafuta. Akafika kwenye pazia, akalivuta. Namwacha aseme mwenyewe.

"Niliona mbegu za wifi zimeingiwa na wadudu. Chupa zote. Nikasema masikini, mwenzangu yuko mbali anategemea mbegu zake, na kaka yangu mwanamume, hajui hata kuanika. Nikasema nitamwokoa."

Akamwokoa. Alitandika mkeka uani, akamwaga chupa zote, akaanika kwenye jua kali la mchana. Fukusi jua hawaliwezi. Waliokimbia alifagia. Waliobaki alipepeta. Kisha akaona punje zimetobolewa, na mbegu iliyotobolewa haioti, akaona bora isipotee bure. Akapeleka mashine kusagisha. Chupa akaziosha kwa maji ya moto, akazipanga zimeinamishwa, ziking'aa.

Fundi akarudi jioni. Akaona chupa. Dada yake akamwonyesha mfuko wa unga kwa furaha. "Mbegu ziliharibika, kaka," akamwambia, "lakini unga ni mzuri."

Wasikilizaji wapendwa, Fundi alikaa chini. Alikaa pale pale alipokuwa amesimama.

Fukusi wa ghala la mama mkwe wake, wasiowahi kuonja dawa, kazi ya umri mzima wa mkewe, walikuwa unga. Na ni neno lake mwenyewe lililowaponza. Asingesema ni mbegu, dada yake asingegusa. Alipomweleza ukweli, dada yake alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Kisha akatoa wazo. Kwake nyumbani, alisema, fukusi ni tele, alete gunia, zijazwe chupa, fukusi ni fukusi. Fundi alikiri kwangu kwamba wazo hilo alilala nalo. Asubuhi akalikataa. Mahindi ya dada yake yalitiwa dawa kila mwaka. "Mke wangu angepima kwa hao akawaambia wakulima uongo bila kujua," aliniambia. "Nguo iliyoibiwa kitambaa, siku ya kuvaliwa inapasuka."

Lakini kusema hakusema. Jumapili ikafika, simu ikaita, "Wazima?" naye akajibu, "Wazima." Jumapili nyingine ikawa hivyo hivyo. Kwa nini? Siyo kwa kuogopa kugombezwa. Sikilizeni maneno yake. "Nilijiambia, kilichokuwa kinamrudisha nyumbani ni hizi chupa. Sasa hazina kitu. Nikimwambia, anarudi kufanya nini?"

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Mtu ameishi na mwenzake miaka na miaka, na hajui kama ni yeye anayerudiwa au ni rafu.

Basi Jumapili ya tatu, baada ya "wazima" ile, Mama Fukusi akasema, "Niwekee simu kwenye chupa. Nimewakumbuka."

Fundi akatazama chupa tupu. Akatazama meza yake. Palikuwa na kipande cha kitambaa kigumu, kile cha kutilia ndani ya kola. Akaiweka simu juu yake, akaanza kukwaruza kwa ukucha, polepole, kwa kuacha nafasi, kama alivyowasikia wale. Anasema jasho lilimtoka. Anasema pia kwamba kwa kujisikiliza mwenyewe, aliona amepatia.

Upande wa pili akasikiliza. Kisha mkewe akasema, "Fundi. Hicho ni kitambaa cha kola, na hizo ni kucha zako. Nimelala kando ya kucha hizo tangu ujana. Nini kimetokea?"

Fundi akaliweka wazi lote. Pazia, mbegu, mkeka, mashine. "Wamekuwa unga," akasema. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza, akamalizia na lile la kooni. Alisema aliogopa kwamba hana tena cha kumrudisha nyumbani.

Mnadhani alilia? Alikasirika? Huenda vyote, baadaye, peke yake, katika chumba chake cha huko kwenye baridi. Kwenye simu aliuliza swali moja.

"Na wewe, u mzima?"

Fundi akasema yu mzima.

Mkewe akasema, "Basi nisikilize. Fukusi ninao hapa mezani, kopo zima. Mume ndiye sina. Muhula ukiisha narudi."

Na alirudi. Ile miaka mitatu aliikataa kwa shukrani. Watu walisema. Mnajua watu. Wapo waliosema bahati haigongi mlango mara mbili, wapo waliosema amerogwa na fundi cherehani. Yeye alijibu kwa utulivu kwamba hakupewa ufadhili wa kuhama, alipewa wa kwenda na kurudi. Mwaka ule alifundisha, akatafiti, akaacha wanafunzi wenye masikio mazuri. Akafunga sanduku.

Lile kopo likawa na safari yake. Fukusi ni mdudu mharibifu, na kumwingiza nchini kunahitaji kibali, kibali kikaombwa, kikachelewa. Uwanja wa ndege afisa wa karantini akalipokea kopo, akalitazama juu na chini. Akasema, "Mama, wenzako wanatoka ng'ambo na simu na viatu. Wewe umetuletea fukusi?"

"Sijawaleta, mwanangu. Nimewarudisha. Hawa ni wenyeji."

Wenyeji au wageni, wakafungiwa chumba cha karantini. Ikawa kila siku Mama Fukusi na Fundi wanakwenda kukaa kwenye benchi la pale nje, kama watu wenye mgonjwa wodini. Mama Fukusi anaruhusiwa kuingia kidogo, anaweka sikio, anatoka. Kwenye benchi lile, Fundi anasema, ndipo walipoongea yote ambayo hawakuwa wamewahi kuyaongea. Afisa naye, mwishoni, akaomba aweke sikio. Akatoka akisema, "Kweli wanaongea." Kibali kikatoka.

Nyumbani mlangoni alikuwa amesimama wifi. Alikuwa hajala tangu asubuhi kwa kuogopa. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, na hakupata hata la kwanza. Mama Fukusi alimtia kopo mikononi. "Wifi, utawatunza wewe," akamwambia. "Hakuna mtu hapa anayejua kuwamaliza kama wewe, kwa hiyo hakuna atakayewalinda kama wewe."

Wifi anasema alicheka na kulia kwa pamoja, na kwamba tangu siku hiyo hajaruhusu mtu kuingia chumba kile na manukato.

Kopo likawa chupa. Chupa zikawa rafu. Maabara ilipokwisha kuezekwa nusu ya fukusi wakarudishwa chuoni, na nusu wakabaki nyumbani, safari hii bila pazia. Mteja akiuliza ni nini, Fundi anajibu, "Fukusi," na kuendelea kupima mabega.

Miaka iliyofuata Mama Fukusi mwenyewe aliingia kwenye jopo la kuchagua wanazuoni wa kupelekwa nje. Wengi wenu mnaonisikiliza mlipita mbele yake. Mnalikumbuka swali lake. Baada ya wenzake kuuliza ya vitabu na ya utafiti, yeye aliuliza, "Nani utampigia simu Jumapili, na utamuuliza nini kwanza?" Wapo waliodhani ni mtego. Mmoja wao, ambaye sasa ni mkuu wa maabara ile ile, ameniambia alijibu atampigia baba yake na kumuuliza habari za shamba. Mama Fukusi akamwambia, "Shamba halina homa. Muulize baba kwanza." Alikwenda ng'ambo, akamuuliza baba kwanza kila Jumapili, na baba alipougua yeye ndiye aliyejua mapema kuliko waliokuwa wakiishi jirani.

Wengi aliowapeleka walirudi. Baadhi walibaki huko, na hakuwasema vibaya. Alisema mtu anaweza kukaa mbali na bado akawa anauliza.

Nyumbani kwake pia mambo yalibadilika. Chupa aliendelea kuzisalimia kila asubuhi. Ila kabla ya chupa, alipita kwenye cherehani. "U mzima, Fundi?" Kila asubuhi. Fundi anasema mwanzoni aliona haya, baadaye akawa hawezi kutia uzi kwenye sindano kabla ya kuulizwa.

Wiki iliyopita Mama Fukusi alikuwa hospitali, moyo umechoka. Ilikuwa Jumapili. Fundi alikaa kando ya kitanda. Mkewe alimuuliza kama amekula. Akamwambia amekula. Akamuuliza kama amelala. Akamwambia amelala, ingawa haikuwa kweli, naye akamtazama kwa namna ya kusema najua kucha zako. Fukusi hakuwauliza. Basi Fundi akajitolea mwenyewe: "Na wao pia wazima." Mama Fukusi akasema, "Najua. Wifi angekuwa amekwisha kunipigia." Akafumba macho akiwa anatabasamu. Alifariki mchana wa siku hiyo, kwa utulivu, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Fundi.

Kwa niaba ya kituo hiki na kwa niaba yenu nyote, nampa pole Fundi. Nampa pole wifi, mlinzi wa rafu. Nawapa pole wanafunzi wake, walio hapa na walio ng'ambo, waliozoea kumpigia kila Jumapili, ambao leo ni Jumapili na hawana pa kupiga. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Na sisi tuliobaki tujitafakari. Kila mmoja ana rafu yake. Wewe ni biashara, wewe ni kanisa au msikiti, wewe ni shule, mimi ni redio hii. Ni kazi njema, hakuna anayekataa. Swali ni nani anakaa kando ya rafu hiyo akisubiri zamu yake ya kuulizwa.

Namalizia na jana. Mtaalamu wetu wa sauti alipokwisha kurekodi, Fundi aliomba avae vile visikizi vya masikioni. Tukamvisha. Akakaa kwenye kiti chake mbele ya cherehani, chupa iko mezani, koti la maabara lenye mifuko minne limetundikwa nyuma yake. Akafumba macho, akasikiliza muda mrefu. Mwishowe nami nikamuuliza, "Mzee, wazima?"

Akavivua visikizi, akavishika mapajani. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kwanza ungeniuliza mimi."

Nikapiga magoti pale kando ya cherehani. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee. U mzima?"

Alifikiri kidogo. "Leo sijambo kidogo," akasema. "Sasa waulize na hao."

Wasikilizaji wapendwa, tegeni sikio.